Elimu kwa Umma: Kwa Nini Mtoto Wako Anainama Kabla ya Kumbwaga Mwenzake

Tangu chama chetu cha judo kianze kampeni ya kusajili upya klabu na walimu, barua za wazazi zimekuwa nyingi mezani kwetu kuliko wakati wowote ninaoukumbuka. Kanuni za mashindano zilizoanza kutumika mwaka 2025 nazo zimezidisha maswali. Nimeombwa niyajibu kwa pamoja, kwa kuwa kazi yangu ya kila siku ni uamuzi na usimamizi wa mitihani ya mikanda, na sehemu kubwa ya malalamiko hayo inatuhusu sisi waamuzi.

Mzazi mmoja anasema mwanawe amemaliza miezi miwili akifundishwa kuanguka tu. Wa pili anadai mtoto wake alionewa, kwani aliondolewa pambanoni ilhali hakumpiga mtu. Wa tatu, mama mmoja aliyeandika kwa heshima kubwa, anauliza kama binti yake anafundishwa kusujudia picha. Wa nne anataka kujua mkanda mweusi unapatikana baada ya muda gani na kwa shilingi ngapi. Nimezisoma barua hizo mara mbili mbili, na ninaona zote zinazunguka jambo moja: mchezo huu wa Kijapani ni wa vita au wa amani? Na kama ni wa amani, mbona watoto wanakabana?

Judo ni ya amani. Msiitafute amani hiyo kwenye hotuba za makocha wala kwenye maandishi ya ukutani. Itafuteni kwenye namna mkono unavyoshika vazi, na kwenye adhabu zilezile mnazozilalamikia.

Aliyeianzisha alikuwa mwalimu wa shule

Wengi wanadhani judo ilibuniwa na samurai. Aliyeibuni ni mwalimu, Kano Jigoro, aliyezaliwa mwaka 1860 huko Mikage, ambako leo ni sehemu ya jiji la Kobe. Alipokwenda Tokyo kusoma alikuwa kijana mwenye umbo dogo, na wenzake waliomzidi mwili walimwonea. Alitamani kujifunza jujutsu, mieleka ya kale ya Kijapani, lakini wakati huo fani hiyo ilikuwa imeanguka. Utawala mpya wa Mfalme Meiji ulikuwa umeliondoa tabaka la samurai, watu walikimbilia mambo ya Ulaya, na baadhi ya mabingwa wa jujutsu walikuwa wakijipatia riziki kwa kuunga mifupa. Mmoja wa hao, Fukuda Hachinosuke, alimpokea Kano mwaka 1877. Baada ya Fukuda kufariki, Kano aliendelea na walimu wengine, akachota kwenye chuo kimoja ufundi wa kukaba na kukandamiza, na kwenye kingine ufundi wa kubwaga.

Mwaka 1882, akiwa na umri wa miaka 21, alifungua mahali pake pa mazoezi ndani ya hekalu la Eishoji jijini Tokyo. Mikeka ilikuwa 12 na wanafunzi 9. Akapaita Kodokan. Leo Kodokan ina jengo lake katika wilaya ya Bunkyo, na ukumbi wake mkuu una mikeka 420.

Tazameni jina alilolichagua. Neno "jujutsu" linaishia na *jutsu*, yaani ufundi au ustadi. Yeye aliliondoa akaweka *do*, yaani njia. *Ju* ni ulaini, unyumbufu, kukubali kupinda. Ufundi hufunza namna ya kumshinda mtu, na njia hufunza namna ya kuishi naye. Kano hakuwa akipamba jina tu, kwa sababu alibadilisha na vitu vyenyewe. Ngumi na mateke aliyaondoa kwenye mazoezi huru na kwenye mashindano, akayaacha ndani ya *kata*, yaani mazoezi yaliyopangwa ambayo kila mmoja anajua mwenzake atafanya nini. Baadaye upindaji wa viungo ukabakizwa kwenye kiwiko peke yake. Vidole, goti, kifundo cha mguu na shingo haviguswi. Kwa hiyo mzazi akiniuliza, "Mwalimu, mbona hamfundishi kupiga?", namjibu kwamba hilo liliamuliwa Tokyo kabla babu zetu hawajazaliwa, na liliamuliwa kwa makusudi.

Hesabu ya 10 na 7

Kano alipenda kufafanua ulaini kwa hesabu, nami naitumia hadi leo. Tuseme nguvu za mtu aliyesimama mbele yako ni 10, na zako ni 7. Akikusukuma, nawe ukamkinza kwa nguvu zako zote, utashindwa, maana 7 haiwezi 10. Lakini usipokinza, ukarudi nyuma kwa kadiri anavyokusukuma huku wewe mwenyewe umesimama imara, atayumba mbele. Mtu aliyeyumba si yule wa 10 tena. Tuseme amebakiwa na 3. Wewe bado una 7 zako, na wakati huo hata nusu yake inatosha kumweka chini.

Wahenga wetu walisema mpiga ngumi ukuta huumiza mkonowe, na walikuwa wakizungumzia jambo hilihili. Ila lazima nikemee dhana moja. Kila mwaka napokea vijana wanaodhani ulaini ni kujilegeza, kwamba ukisimama kama kitambaa adui atajiangusha mwenyewe. Sivyo. Anayerudi nyuma ovyo anabwagwa kabla hajatuliza miguu. Kano mwenyewe alieleza kwamba ulaini hautoshelezi kila hali: ukishikwa kwa nyuma ukabanwa mikono, hakuna msukumo wa kuufuata, inabidi ujinasue. Ndiyo maana alitafuta kanuni pana zaidi, akaiita *seiryoku zen'yo*: kutumia nguvu za mwili na akili kwa njia iliyo bora kuliko zote. Wakati mwingine njia bora ni kupinda, wakati mwingine ni kusimama, na mara nyingi, ndani ya ukumbi na nje yake, ni kuondoka. Hasira kwake ilikuwa upotevu wa nguvu, kama maji yanayovuja kwenye bomba.

Kanuni ya pili ni *jita kyoei*. Kwa Kiswahili changu: mimi na mwenzangu tustawi pamoja. Kano alizitangaza kanuni hizi mbili pamoja mwaka 1922, baada ya miaka 40 ya kufundisha, na kwa maoni yangu hii ya pili ndiyo iliyo nzito zaidi. Huwezi kujifunza judo peke yako. Unahitaji mtu akuazime mwili wake uubwage, kisha ainuke akuazime tena, mara mia kwa jioni moja. Ukimuumiza Jumatatu, Jumanne huna wa kufanya naye mazoezi.

Kuanguka, na mkono unaoshika

Sasa nije kwa mzazi wa miezi miwili. Mtoto wako hajapotezewa muda. Kuanguka, tunakokuita *ukemi*, ndilo somo la kwanza, na klabu inayoliruka hatuisajili.

Mtoto huanza akiwa amechuchumaa, kisha akiwa amesimama, kisha akitembea. Kidevu anakibana kifuani, macho yanatazama fundo la mkanda wake. Hilo la fundo si urembo: anayetazama fundo kichwa chake hakiwezi kupigika nyuma. Mkono unakunjuka ukiwa umetengana kidogo na ubavu, na kiganja hadi kiwiko vinapiga mkeka kwa pamoja kufumba na kufumbua kabla mgongo haujatua. Ule mlio mnaousikia hadi barabarani ni wa mkono unaosambaza kishindo ili mgongo usikipokee chote.

Anayeanguka amefanya nusu ya kazi. Nusu nyingine ni ya anayebwaga, na hii wazazi wengi hawaioni kwa sababu macho yao yanafuata miguu. Mchukulie mtoto anayepiga *o-soto-gari*, mbwago unaofanana na ule tunaouita mtama au ngwala. Mkono wake wa kulia uko kwenye ukosi wa mwenzake, na wa kushoto umeshika mkono wa vazi lake, karibu na kiwiko. Mguu unafyekwa, mwenzake anakwenda chini. Mkono ule wa kushoto hauachi. Unavuta juu mpaka mwisho, ili bega moja la anayeanguka libaki limeinuka na kichwa kisifike mkekani. Sekunde nzima haifiki. Kwenye mtihani, mtahiniwa akimwachia mwenzake katikati ya mbwago, namkata alama hata kama mwenzake ameanguka chali vizuri kabisa. Mmoja aliwahi kuniambia, "Lakini sensei, nimempata!" Nikamwambia umempata, na umemtupa, na hayo ni mambo mawili.

Kisha kuna kukubali. Kabali ya judo ikikaa sawasawa inaweza kumfanya mtu azirai ndani ya sekunde chache, kwa hiyo anayekabwa anagonga mara mbili au zaidi, kwa mkono au hata kwa mguu, juu ya mwili wa mwenzake au kwenye mkeka, au anasema *maitta*, nimeshindwa. Kuanzia hapo kila kitu kinaachiwa. Mtoto wa miaka 12 analala chini, koo lake limo ndani ya ukosi wa vazi lililoshikwa na mtu mwingine, na anaamini kwamba akigonga ataachiwa. Anaachiwa. Wanaketi, wanarekebisha mikanda, wanaanza tena. Asiyekubali kushindwa si mshindani, na asiyeachia anapogongewa hana nafasi kwenye klabu zetu. Anasimamishwa mazoezi siku hiyohiyo, mwalimu anaandika taarifa, taarifa inaletwa kwetu ndani ya siku saba, mzazi anaitwa, na kosa likirudiwa usajili wa mchezaji unafutwa. Mwalimu asiyeandika taarifa naye anawajibishwa.

Kuinama

Kwa mama aliyeuliza kuhusu kusujudu: nakushukuru kwa kuuliza kabla ya kumtoa binti yako. Chama chetu si chombo cha dini, hakitoi fatwa wala tafsiri ya maandiko, na jambo hili mwisho wake ni wa familia na viongozi wake wa dini. Ninachoweza ni kueleza kinachofanyika.

Kuna kuinama kwa kusimama: viganja vinateleza mapajani, kiwiliwili kinainama kama nyuzi 30, kinarudi. Na kuna kuinama kwa kuketi juu ya visigino: mikono inatangulizwa mkekani, kichwa kinashuka, paji la uso haligusi chini. Vyote viwili huitwa *rei*, na hufanywa kwa mtu ambaye uko karibu kushindana naye au umemaliza kushindana naye. Maana yake inakaribia sana ile ya shikamoo na marahaba: nakutambua, sikudharau, nakushukuru kwa kuniazima mwili wako. Kwenye mashindano kuinama ni kwa kusimama tu. Wachezaji kutoka Misri, Iran na Uzbekistan huinama namna hiyo. Kama klabu imetundika picha ya Kano na familia haitaki mtoto aielekee, mwalimu aambiwe, na mwongozo wetu unamtaka amruhusu mtoto kusimama kwa utulivu. Kuinamiana wachezaji kwa wachezaji ndiko kusikoachwa.

Adhabu

Hapa nitakwenda polepole, kwa sababu ndiko yanakotoka malalamiko mengi.

Pambano la wakubwa ni dakika 4. Alama ya juu ni *ippon*: umembwaga mwenzako chali kwa nguvu, kasi na udhibiti, au umemkandamiza sekunde 20, au amekubali. Chini yake ni *waza-ari*, na mbili zikikutana zinakuwa ippon. *Yuko*, iliyoondolewa mwaka 2017, imerudi mwaka 2025: kukandamiza sekunde 5 hadi 9 ni yuko, 10 hadi 19 ni waza-ari. Muda ukiisha bila mshindi, pambano linaendelea bila kikomo mpaka mmoja apate alama au atolewe kwa adhabu.

Adhabu ndogo ni *shido*. Unaipata ukitoka nje ya eneo kwa kukwepa, ukijihami muda mrefu bila kushambulia, ukifanya shambulio la uongo ili muda uende, ukiingiza vidole ndani ya mkono wa vazi la mwenzako, au ukimshika miguu kwa mikono ili umbwage. Shido hampi mpinzani alama. Ya kwanza ni onyo, ya pili ni onyo, ya tatu ni *hansoku-make*, umetolewa. Naombwa mara kwa mara "kusamehe ya tatu". Hairuhusiwi. Mwamuzi anayesamehe naye anaandikiwa.

Hansoku-make ya moja kwa moja haisubiri shido. Iko ya namna mbili, na wazazi huzichanganya. Ya kwanza ni ya kosa dhidi ya roho ya judo: kumtukana mtu, kumpiga, kufanya kitendo cha kumdhalilisha. Huyo anatoka kwenye mashindano yote. Ya pili ni ya kumlinda mchezaji na nafsi yake mwenyewe, na mfano mkubwa ni kujihami kwa kichwa. Anayebwagwa, badala ya kukubali mgongo ufike chini, anakita kichwa mkekani na kujikunja kama daraja ili alama isipatikane. Uzito wa watu wawili unakaa juu ya shingo. Anatolewa pambanoni palepale, lakini anaweza kuendelea na mashindano kama ratiba bado inampa nafasi.

Ndivyo ilivyokuwa kwa kijana wa ile barua ya pili, na mwamuzi nilikuwa mimi. Alikuwa na vazi la bluu, anaongoza kwa waza-ari, zimebaki sekunde zisizofika 30. Mwenzake akaingia kiunoni, akamnyanyua. Nikaona kichwa kinatafuta mkeka. Nilisimamisha, nikawatazama wasimamizi wa mezani, wakathibitisha, nikatoa ishara. Baba yake alikuwa ameshashuka ngazi za jukwaa kabla mkono wangu haujarudi chini. Kijana akageuka akaanza kuondoka bila kuinama, machozi yanamtoka. Nikamwita kwa mkono. Mpinzani wake, ambaye angeweza kwenda kushangilia, alisimama mahali pake akamsubiri. Yule wa bluu akarudi, akajifuta uso kwa mkono wa vazi, akarekebisha mkanda, wakainamiana. Kisha yule aliyeshinda akamvuta begani wakatoka pamoja.

Baba yake aliniambia mtoto hajampiga mtu. Ni kweli. Alikuwa karibu kujivunja shingo kwa ajili ya alama moja. Kanuni ya *jita kyoei* inasema mimi na mwenzangu, na "mimi" namo ndani yake nahesabiwa. Kilichonisikitisha zaidi ni kwamba kijana alikuwa na pambano jingine la kugombea shaba saa moja baadaye. Jina lake liliitwa mara tatu. Baba alikuwa ameshampeleka nyumbani.

Falsafa isipolindwa

Sitaki mtu aondoke hapa akidhani Wajapani walipata kitu safi wakakitunza bila doa. Kano alisafiri dunia nzima. Mwaka 1909 akawa Mwasia wa kwanza kuingia Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki, na safari yake ya mwisho ilimfikisha barani kwetu, kwenye mkutano wa kamati hiyo mjini Cairo mwaka 1938, alikokwenda kutetea Michezo ya 1940 ifanyike Tokyo. Alifariki akiwa melini akirudi nyumbani, tarehe 4 Mei 1938. Miezi miwili baadaye serikali ya Japani, iliyokuwa vitani China, ikaachana na Michezo hiyo. Judo yenyewe iliingizwa kwenye maandalizi ya vita, vijana wakafundishwa kuangusha adui. Baada ya 1945 majeshi yaliyoikalia Japani yakapiga marufuku judo mashuleni, na ilirudi mwaka 1950. Kanuni za 1922 zilikuwepo muda wote huo. Hazikumzuia aliyetaka kuzipuuza.

Na baada ya vita pia. Mtafiti wa Chuo Kikuu cha Nagoya, Uchida Ryo, alikusanya kumbukumbu za ajali mashuleni na kuonyesha kwamba kati ya 1983 na 2011 wanafunzi 118 wa sekondari nchini Japani walikufa katika judo, wengi kwa majeraha ya kichwa. Wengi wao walikuwa wanafunzi wapya. Kichwa kikitikiswa kwa ghafla mishipa midogo inayounganisha ubongo na utando wake inaweza kukatika hata bila kugonga chini kwa nguvu, na mtoto asiyejua kuanguka, anayebwagwa mfululizo na aliyemzidi uzoefu, ndiye aliye hatarini. Kisha mwaka 2013 ikajulikana kwamba wachezaji wanawake 15 wa timu ya taifa walikuwa wamewasilisha malalamiko ya kupigwa na kutukanwa na makocha wao. Kocha mkuu alijiuzulu. Shirikisho la Judo la Japani likalazimika kubadili uongozi, na leseni za makocha zikaanzishwa. Ukiniuliza kwa nini chama chetu kinasumbua walimu kwa fomu za usajili, ndiyo sababu.

Uamuzi ninaouheshimu kuliko yote ulitoka Machi 2022. Shirikisho hilohilo, likiongozwa na Yamashita Yasuhiro, bingwa wa Olimpiki wa 1984, lilifuta mashindano ya taifa ya watoto wa shule ya msingi. Walikuwa wameona makocha wakiwapunguza uzito watoto wa miaka 10, na wazazi wakiwafokea waamuzi. Huko watoto wa umri huo tayari walikuwa hawaruhusiwi kabali wala kupinda kiungo. Sasa taji nalo likaondolewa. Sisi hatujafika huko, na sijapewa idhini ya kusema kama tutafika. Ninachoruhusiwa kusema ni kwamba kuanzia sasa mzazi anayeshuka jukwaani kumfuata mwamuzi atatolewa ukumbini, na klabu ya mtoto wake itapewa onyo la maandishi.

Kuna picha ya upande mwingine, na ningependa vijana wetu waijue. Tokyo, Oktoba 1964, mara ya kwanza judo kuwa kwenye Olimpiki. Fainali ya uzito wa wazi, yaani bila mpaka wa uzito: Kaminaga Akio wa Japani na Anton Geesink wa Uholanzi, ndani ya Nippon Budokan, mbele ya umati wa wenyeji. Geesink alimkandamiza Kaminaga hadi muda wa ukandamizaji ukatimia, ikawa ippon. Waholanzi wakaanza kukimbilia mkekani kumbeba bingwa wao. Akiwa bado hajainuka vizuri, Geesink aliwanyooshea mkono wasimame. Wakasimama. Akarekebisha vazi, akainamiana na Kaminaga, ndipo pambano likaisha.

Mkanda mweusi

Kwa mzazi wa nne: mkanda mweusi hauuzwi. Ada ya mtihani ni ya mtihani, na hairudishwi mtahiniwa akifeli. Mikanda ya rangi mingi mnayoiona ilienezwa Ulaya ili wanafunzi wasikate tamaa. Daraja la kwanza la mkanda mweusi linaitwa *shodan*, maana yake daraja la kuanzia. Mtu akifika hapo ndipo tunasema sasa anaweza kuanza kufundishwa. Uvumi kwamba mwenye mkanda mweusi lazima asajili mikono yake polisi kama silaha hauna ukweli wowote, naomba tusiuulizwe tena.

Afadhali niwaambie habari za Fukuda Keiko, mjukuu wa yule Fukuda aliyemfundisha Kano jujutsu. Alianza judo katika miaka ya 1930 na Kano mwenyewe akiwa hai. Kwa miongo mingi wanawake hawakupandishwa kupita daraja la tano, kwa hiyo alibaki hapo huku aliowafundisha wakimpita. Hakuacha. Alihamia Marekani, akafundisha San Francisco, vikwazo vikaanza kuondolewa katika miaka ya 1970, na mwaka 2011, akiwa na umri wa miaka 98, shirikisho la huko likampa daraja la kumi. Alifariki mwaka 2013.

Mitihani ijayo itafanyika kama ratiba iliyotumwa klabuni inavyoonyesha. Wazazi wanakaribishwa, milango inafungwa robo saa kabla ya kuanza. Ukija, usimtazame anayeanguka. Mtazame anayebwaga, mkono wake wa kushoto, uone kama bado umeshika.